Ndimu, ukwaju au Brasso: kipi kinafaa kwa shaba ya zamani?

Mwanapwani (mleta mada)
Habari za leo wadau. Nina dele la kahawa, sinia pana la nakshi na mrashi (chupa ya kunyunyizia marashi), vyote shaba ya njano. Vimekaa stoo mpaka vimekuwa vyeusi, na mrashi una kutu ya kijani shingoni. Jirani anasema ndimu na chumvi, mama mkwe anasema ukwaju, dukani nimeuziwa Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba. Mwenye kuvijua vyote vitatu anipe tofauti. Dele nataka litumike, si la kuweka kabatini.

Kamanda_Mstaafu
Brasso, mkuu. Sisi vifungo na bizimu za mikanda tulivisugua hivyo kila asubuhi ya gwaride. Paka, acha ikauke, futa. Hayo mengine ni kujichosha.

Mama_Nassra
Kaka Kamanda, kifungo cha gwaride hakinywewi kahawa! Kwa dele mwanangu tumia ukwaju. Roweka kwa maji moto, ukande mpaka uwe uji mzito, paka, acha kama robo saa, kisha sugua kwa kumbi la nazi laini na suuza. Uzuri wa ukwaju ni kuwa unaganda pale ulipoupaka. Maji ya ndimu yanachuruzika, unabaki na michirizi, huku pamewaka huku pamefifia.

Kijana_wa_Kemia
Ndimu na ukwaju kazi yao ni moja: asidi inayeyusha ule weusi. Chumvi inaiongezea nguvu, lakini ndiyo hiyo hiyo inayoleta kutu ya kijani ikibaki kwenye vifinyo vya nakshi. Ukitumia chumvi, suuza kwa maji mengi ya baridi, kausha papo hapo. Na usilaze chombo kwenye ndimu usiku kucha. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Asidi ikikaa sana inakula zinki, unakuta mabaka ya waridi ambayo hayatoki kwa kufuta.

FundiMilango
Mie kazi yangu ni milango ya Mji Mkongwe, ile ya misumari mikubwa ya shaba, kwa hiyo nitasema ninachokiona. Swali la kwanza si dawa gani. Swali ni kitu chenyewe ni nini.

Kwanza chukua sumaku. Ikinasa, hiyo si shaba, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba juu, na ukisugua sana utakutana na chuma. Pili tazama kama kina vanishi. Mapambo mengi mapya yanakuja na vanishi, na weusi wake huwa wa mabakamabaka pale vanishi ilipobanduka. Hapo si ndimu wala Brasso itakayosaidia mpaka uitoe vanishi kwa asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha.

Sasa sinia la nakshi. Brasso ina unga laini unaokwangua. Mara moja kwa mwaka si neno, lakini kila Ijumaa, miaka ishirini, nakshi inalika mpaka maua hayaonekani. Tena ule unga unabaki mweupe kwenye mitaro. Kwa sinia naunga mkono ukwaju, na mswaki laini. Stilwaya usiiguse kabisa.

Kwenye mlango ni kinyume chake: asidi hapana, inatia madoa kwenye mbao. Nakata karatasi ngumu tundu la kadiri ya msumari, naivesha, ndipo napaka Brasso kidogo kwa kitambaa cha fulana.

Mrashi wako, ile kutu ya kijani itoe kwanza kwa kijiti cha mti laini. Na kama ni kitu cha kale cha kweli, usikiguse. Siwa ya shaba, lile baragumu la kale lililoko makumbusho ya Lamu, haithaminiwi kwa kung'aa.

Mdau_wa_Texas
Nawasalimu kutoka Marekani. Huku wanaojaza risasi upya wana ugomvi huu huu juu ya maganda ya shaba. Wapo wanaoyazungusha kwenye mashine pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, wapo wanaotumia maji, sabuni ya vyombo, unga wa asidi ya ndimu kidogo na vijipini vya chuma. Ya maji inasafisha mpaka ndani, ya magunzi haina kazi ya kukausha. Brasso wengi wanaikwepa kwa sababu ya amonia. Enzi za Waingereza huko India, maganda ya risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka nyufa msimu wa mvua. Sababu ilikuwa amonia ya mkojo, pamoja na mkazo uliobaki ndani ya shaba.

Kamanda_Mstaafu
Kwa hiyo vifungo vyetu vilinusurika tu?

Mdau_wa_Texas
Hapana mzee wangu, kifungo hakibebi mlipuko. Ukifuta vizuri hakuna shida.

Mwanapwani
Ahsanteni. Sumaku haikunasa. Je, nichanganye ndimu na magadi ili povu lisugue?

Kijana_wa_Kemia
Usichanganye. Asidi na magadi vinauana, povu ni kelele tu. Magadi yatumie peke yake mwanzoni kutolea mafuta na masizi, suuza, ndipo ukwaju.

Mama_Nassra
Na kabla ya kupika kahawa chungulia ndani ya dele. Ukiona rangi ya fedha, limetiwa bati: ndani osha kwa sabuni na tambara tu, na usilibandike motoni tupu, bati linayeyuka. Ukiona shaba ya njano au kijani, hata likiwaka kama jua, usinywe kitu humo mpaka fundi alitie bati upya.

Mwanapwani
Nimechungulia. Fedha pembeni, kitako kina shaba tupu kama sarafu moja. Kuna mtu anamjua fundi wa kutia bati Tanga?