Mrejesho: binti yangu na seksio ya biashara

Ndugu zangu, asanteni. Niliwauliza kama binti yangu, aliyemaliza darasa la nane hapa Bukavu, aingie biashara au sayansi. Mimi nilishikilia Biolojia-Kemia, nikiwaza udaktari tu. Mama mmoja akanishauri nimwachie daftari la duka kwa wiki moja.

Jioni ya tatu nikamkuta na tochi, kushoto ameandika sukari iliyoingia, kulia franga zilizotoka. Akaniuliza franga 4 500 zimeenda wapi. Lilikuwa deni nililosahau kuandika! Nilifurahi sana.

Basi ameandikishwa biashara. Atajifunza kuandika hesabu za biashara kwa utaratibu wa OHADA, muungano wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, ambao Kongo iliingia mwaka 2012. Tayari anajua kwamba katika utaratibu huo akaunti namba 57 ni kasha, yaani pesa taslimu. Hisabati bado ipo, na Egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inamngoja baada ya miaka minne.