Siku nne kijijini wakati wa theluji, watoto watatu wadogo: tujipangeje?

MamaWatatu

Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni ushauri. Tunataka kwenda kupumzika kijijini siku nne katikati ya majira ya baridi, mahali penye theluji. Watoto ni wa miaka 4, miaka 2 na mdogo wa miezi 7. Nyumba tunayotaka kukodi ni ya mawe, ya zamani, ina jiko la kuni sebuleni na hita za umeme vyumbani, na iko kilomita 3 kutoka barabara kuu. Njiani ni mwendo wa saa 3 na nusu hali ya hewa ikiwa nzuri.

Nataka kujua mambo matatu: nimuulize nini mwenye nyumba kabla ya kulipa, nguo kiasi gani zinatosha bila kujaza gari, na watoto wa umri huu wakae nje muda gani. Orodha za vitu vya kubeba nimeona nyingi, ila hazisemi sababu.

Kuni_Kavu

Karibu dada. Nianze na nyumba, maana koti lililosahaulika hupatikana njiani, lakini nyumba iliyopoa huwezi kuitengeneza saa mbili usiku watoto wakiwa wamechoka.

Nyumba ya mawe ikikaa siku kadhaa bila moto, kinachokuwa kimepoa ni kuta zenyewe, si hewa peke yake. Ukiwasha jiko utahisi hewa inapata joto mapema, lakini kuta zitaendelea kulinyonya joto hilo mpaka kesho yake. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama kuna hita. Uliza zitawashwa lini, na uombe ziwashwe angalau saa 24 kabla hamjafika. Akikujibu kwamba wageni hujiwashia wenyewe, panga usiku wa kwanza wote mlale katika chumba kimoja kidogo, milango imefungwa.

Chumba cha wa miezi 7 kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Kosa la kawaida ni kukipasha mpaka nyuzi 25 kisha kumvika mtoto kofia na kumfunika blanketi mbili. Joto kupita kiasi usingizini ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Begi la kulalia la tog 2.5 (tog ni kipimo cha jinsi nguo inavyotunza joto) juu ya nguo ya kulalia ya mikono mirefu linatosha kwa nyuzi hizo. Alale chali, bila mto, bila blanketi, bila kofia, kitanda kikae mbali na hita. Beba kipimajoto kidogo cha chumba. Ukitaka kujua kama mtoto anasikia baridi, mguse kifua au nyuma ya shingo. Viganja vya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa mzima kabisa, ndiyo maana vinawadanganya wengi.

Sasa jiko la kuni, na hapa naomba usome polepole.

Uliza bomba la moshi lilisafishwa lini. Kama mwenye nyumba hana jibu la wazi, au ni zaidi ya mwaka, tafuta nyumba nyingine. Uliza kuni zimekaushwa kiasi gani: unyevu unatakiwa uwe chini ya asilimia 20. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, na masizi yake hunata ndani ya bomba kama lami, nayo baadaye yanaweza kushika moto humo humo bombani. Kuni kavu utazijua kwa nyufa kwenye ncha zake na mlio mkavu ukizigonganisha.

Uliza kama kuna king'ora cha kaboni monoksaidi, kisha beba cha kwenu cha betri hata akisema kipo. Gesi hii haina rangi wala harufu, na watoto wadogo huathirika mapema kuliko watu wazima kwa sababu wanapumua haraka zaidi. Kiweke chumba chenye jiko, kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko, si nyuma ya pazia wala ndani ya kabati, na ukibonyeze kitufe cha kujaribia siku ya kwanza. Ukiwa na viwili, cha pili kiende mnakolala. Mkianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, hayo si mafua. Tokeni wote, pigeni simu ya dharura, msirudi ndani kuzima jiko.

Kizuizi cha kuzunguka jiko lazima kifungwe ukutani kwa skrubu au kulabu. Kile cha kusimama chenyewe, mtoto wa miaka 2 akikiegemea anaanguka nacho juu ya jiko. Kioo cha mlango hubaki na joto la kuunguza muda mrefu baada ya moto kuzimika, kwa hiyo kizuizi hakiondolewi kwa sababu tu miali haionekani. Majivu yatiwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, ikae nje, mbali na ukuta wa mbao. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kubaki hai siku kadhaa, na nyumba inaweza kushika moto kutokana na mfuko wa plastiki uliotiwa majivu "yaliyopoa".

Mengine ya kuuliza kwa haraka: geti la ngazi, kitanda cha mtoto, bwawa au kijito karibu na mlango, mtandao wa simu unashika wapi, umeme ukikatika maji bado yanatoka (kama ni ya kisima chenye pampu, hayatoki), na nani anaondoa theluji kwenye zile kilomita 3.

Tabaka_Tatu

Upande wa nguo. Ukiniuliza nini huharibu safari hizi, nitakwambia ni unyevu kuliko baridi. Mtoto mkavu kwenye nyuzi -8 anacheza vizuri. Mtoto aliyelowa kwenye nyuzi 2 analia baada ya dakika kumi, kwa sababu maji huondoa joto mwilini haraka sana.

Kwa hiyo nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu laini au ya kitambaa cha michezo, pamba hapana. Pamba hunyonya jasho na theluji iliyoyeyuka, kisha inakaa na ubaridi huo mwilini. Juu yake vazi la manyoya mepesi au sweta ya sufu. Juu kabisa ovaroli isiyopenya maji wala upepo, yenye mpira wa kupita chini ya buti ili suruali isipande.

Idadi kwa siku nne, kwa kila mtoto anayetembea: nguo za ndani seti 3, tabaka la katikati 2, ovaroli 1, soksi za sufu jozi 5, glavu zisizotenganisha vidole (kidole gumba peke yake, vingine pamoja) jozi 3, kofia 2, kitambaa cha shingo cha mviringo 1 (skafu ndefu acha nyumbani, hunasa kwenye sleji, yaani kigari cha kuteleza kwenye theluji, na vyombo vya kuchezea). Glavu nazisisitiza: jozi moja mkononi, moja mfukoni mwako, moja inakauka. Zile zisizotenganisha vidole hutunza joto zaidi kwa kuwa vidole vinapashana, na unamvisha mtoto wa miaka 2 bila kugombana naye dakika tano.

Wa miezi 7 ni habari nyingine. Hatembei, hivyo hatoi joto jingi la misuli. Ukimbeba kifuani wewe unatoka jasho kwa kupanda kilima ilhali miguu yake inaning'inia ikipoa. Mvike soksi mbili zilizolegea na buti laini za kitambaa, hakikisha suruali haijapanda, na pua na mdomo viwe wazi muda wote hata koti lako likiwafunika nyote wawili.

Kukausha: njooni na kamba na vibanio 20. Nguo zianikwe angalau mita moja kutoka kwenye jiko. Buti toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti baada ya saa mbili. Usiziweke kando ya jiko: gundi inaachia na ngozi inapasuka.

Baridi_Sana

Soksi mbili hata kwa wale wanaotembea, miguu haitapata baridi.

Tabaka_Tatu

Hapana mkuu, hapo tunapotea. Kwa mtoto anayevaa buti za kawaida soksi ya pili hubana mguu, damu inapita kwa shida, na vidole vinapoa zaidi. Soksi moja nene ya sufu, na buti ibaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Hewa ile ndiyo inayotunza joto. Nilichosema cha soksi mbili ni kwa wa miezi 7 tu, ambaye buti zake ni za kitambaa na hazibani.

Mchana_Mfupi

Muda wa nje. Kwanza angalia mchana wenyewe una urefu gani huko mnakokwenda. Mwishoni mwa Desemba, kwenye latitudo 50 kaskazini mchana ni kama saa 8, kwenye latitudo 60 ni chini ya saa 6. Ukitoa kifungua kinywa, kuvaa (watoto watatu ni dakika 40, usijidanganye) na usingizi wa mchana, unabaki na matembezi mamoja ya maana. Yawekeni kati ya saa nne na saa saba mchana, kabla ya usingizi.

Kwenye nyuzi 0 hadi -5 bila upepo, wa miaka 4 anaweza kukaa saa moja na nusu akiwa anasogea, wa miaka 2 dakika 40 hadi 60, na mdogo dakika 20 hadi 30 ndipo umkague shingo. Hayo ni makadirio ya kupangia siku. Upepo ndio unaobadilisha kila kitu: nyuzi -10 na upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisiwa kama nyuzi -20. Hisi ya baridi ikishuka kupita -27, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na siku hiyo watoto wabaki ndani.

Njia ya kwenda na kurudi ni bora kuliko ya mzunguko. Ya mzunguko, mtoto akichoka katikati umbali wa kurudi ni ule ule wa kuendelea. Kwa wa miaka 4 weka kilomita 2 jumla, na kwenye theluji ya kufika vifundoni kata nusu. Chakula kidogo kila dakika 30, kabla hajasema ana njaa, pamoja na kinywaji cha vuguvugu kwenye chupa ya chai.

Pua, shavu au kidole kikiwa cheupe na hakisikii, ingia ndani, kipashe kwa kukigusisha na ngozi yako au maji ya vuguvugu. Usisugue, na usitumie moto wa jiko: hasikii, ataungua bila kujua. Mtoto aliyekuwa anatetemeka kisha akaacha, akawa mlegevu na maneno yake hayaeleweki, hiyo ni dharura ya hospitali.

Barafu ya bwawa au ziwa msiikanyage. Barafu ile ile inaweza kuwa na unene tofauti hatua tano tu mbele, hasa maji yanapoingia na kutoka, na theluji huficha palipo pembamba.

MamaWatatu

Asanteni sana wote, hili la kuta kupoa sikuwahi kuliwaza. Swali la mwisho: wavae ovaroli kabisa kwenye gari ili tukifika washuke moja kwa moja?

Gia_ya_Pili

Hapana dada, na tafadhali hili lisiachwe. Koti au ovaroli nene hujaa hewa. Gari likigonga, hewa inabanwa kwa ghafla, mkanda unabaki umelegea na mtoto anaweza kuchomoka. Jaribu nyumbani: mfunge akiwa na ovaroli, mfungue bila kugusa urefu wa mkanda, mvue, mfunge tena. Nafasi utakayoiona ndiyo ambayo ingekuwepo siku ya ajali. Safirini na tabaka mbili nyembamba, mkanda ukaze mpaka ushindwe kuufinya kwa vidole viwili begani, kisha blanketi juu ya mkanda. Ovaroli ziwe juu kabisa ya mizigo, si chini.

Saa 3 na nusu hesabu kama 5. Mdogo atolewe kwenye kiti chake angalau kila saa mbili. Ondokeni mapema ili kilomita 3 za mwisho mzipite kukiwa na mwanga.

Matairi: nyuzi zikishuka chini ya 7 mpira wa tairi za kiangazi hukakamaa, hata barabara ikiwa kavu. Weka za baridi, meno yasiwe chini ya milimita 4 ingawa sheria nyingi zinaruhusu 1.6. Pima upepo asubuhi gari likiwa limepoa, maana baridi huushusha. Minyororo ya matairi ijaribuni kuifunga nyumbani mara moja mkiwa na glavu. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ndani ya gari: koleo, tochi, maji, chakula, nepi za siku nzima na blanketi la kila mtu.

Mkikwama na theluji inaendelea, zibueni kwanza bomba la eksozi ndipo muwashe injini, dakika 10 kwa kila saa, dirisha la upande usio na upepo likiwa wazi kidogo. Eksozi ikiziba, ile gesi aliyoieleza Kuni_Kavu inaingia ndani ya gari.

Na mkifika mwanzo wa zile kilomita 3, simameni mumpigie mwenye nyumba aseme njia ikoje saa hiyo. Akisita, laleni mahali pengine usiku mmoja. Kwa hiyo kabla ya kuondoka muwe mmeshajua hapo mahali pengine ni wapi, na kwamba wana kitanda cha mtoto.