Tupeane uzoefu: wadada mnaocheza na mnaotengeneza gemu, mlipokelewaje?

BintiMbagala (mwanzisha uzi)
Habari zenu wanajamvi. Naomba uzi huu uwe wa simulizi tu: za wanawake wanaocheza gemu, wanaozitengeneza, na za wanaume walioyashuhudia. Kama mwanamke anaweza au hawezi, hilo tusilijadili hapa, nimelichoka tangu kidato cha pili. Naanza mimi.

Mwaka 2009, nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na banda la gemu. Bati, benchi, runinga mbili za chogo, PS2 mbili. Gemu ya mpira, Winning Eleven, mechi moja shilingi 100. Nilikusanya chenji za dukani hadi nikapata za mechi tatu. Kaka wa banda akapokea hela, akanikabidhi pedi, akaniambia nacheza na kompyuta. Nikabonyeza kipindi kizima. Tulipofunga goli nikarukaruka mpaka kanga ikaniporomoka. Kipindi cha pili nikavuta pedi niiweke vizuri, waya wote ukaja mapajani. Haikuwa imechomekwa popote. Mchezaji alikuwa mdogo wake, amekaa nyuma yangu na pedi ya kweli.

Banda zima likaangua kicheko. Nikadai hela yangu. Mmoja akanijibu: "Pedi zenu zinauzwa duka la dawa." Nilikuwa nimevunja ungo mwaka uleule. Niliondoka na sikurudi tena pale. Gemu nilikuja kujifunza chuoni, kwa simu, mlango wa hosteli umefungwa. Mpaka leo nikicheza PUBG, ile ya kupigana risasi mtandaoni, maiki nimezima.

Mruka_Matatu, Nairobi
Pole sana dadangu. Mimi ni programa. Niliingia mashindano ya kutengeneza gemu kwa saa 48, timu ya watu wanne, msichana ni mimi peke yangu. Kabla sijaketi nikaulizwa kama nitachora. Sijui kuchora hata kikombe. Nikachukua kazi ya mhusika kuruka kutoka paa la matatu moja hadi jingine. Usiku kucha jamaa alikuwa anaanguka kabla kidole hakijafika kwenye kitufe, inaudhi kweli. Nikamwekea fremu sita za huruma, yaani picha sita za skrini, kufumba na kufumbua tu: akishatoka ukingoni, bado anaruhusiwa kuruka. Hapo ndipo gemu ikawa tamu.

Asubuhi maiki ikapewa mvulana. Jaji akauliza, mbona kuruka kwenu kunaridhisha hivi? Kijana akanitazama. Nikajibu nikiwa nimeketi, na jaji akaendelea kumtazama yeye.

Baadaye nilisoma habari za Carol Shaw, aliyetengeneza River Raid mwaka 1982, gemu ya ndege inayopita juu ya mto, mto mrefu vile ukiwa ndani ya kilobaiti 4 tu! Amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa Atari, kampuni ya gemu, mkuu wa kampuni alifurahia kupata mtengenezaji mwanamke, kwamba sasa angewatengenezea gemu za kulinganisha rangi za vipodozi na kupamba vyumba. Nikajiona mimi na penseli yangu.

Pwani_Pikseli, Unguja
Mie ndo mchoraji kweli, na sikusalimika. Mteja alitaka mhusika mkulima wa mwani. Nikaenda Paje maji yakiwa yametoka, nikawachora kina mama walivyo: kanga mbili, kofia ya ukili, mgongo umeinama, miguu imezama hadi magoti. Jibu likaja: "Mpunguze nguo, muongeze kifua, awe na mvuto." Nikamwambia mama huyu akivaa hivyo jua litamla mgongo kabla hajafunga kamba ya kwanza. Kazi akapewa mwengine. Mchoro wangu ninao bado.

Shangazi_wa_Muscat
Mimi nikitamka neno moja kwenye maiki, timu nzima hunyamaza. Kisha mmoja huuliza kama nimeolewa.

MchezajiHuru
Bila ugomvi dada zangu, kwani sisi hatutukanwi? Free Fire nimetukaniwa mama yangu na watoto nisiowajua. Mtandaoni ndivyo kulivyo.

BintiMbagala
Kaka, nakuamini, na pole kwa mama. Ila wewe ukitukanwa ni kwa sababu umekosa shabaha. Tazama Kim Se-yeon wa Korea Kusini, anayecheza kwa jina la Geguri. Mwaka 2016, hajafikisha hata miaka 18, alishutumiwa kwamba anatumia programu ya kuibia mchezo kwenye Overwatch, gemu ya kufyatuliana risasi, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa kali mno. Ikabidi acheze hewani, kamera ikimulika mikono yake, ndipo watu waamini. Mwaka 2018 akasajiliwa Shanghai Dragons, mwanamke wa kwanza kwenye Ligi ya Overwatch. Binti alicheza vizuri, akadaiwa ushahidi. Wewe umewahi kudaiwa mikono yako?

Mruka_Matatu, Nairobi
Na huku kwetu mwaka huohuo wa 2018 Sylvia Gathoni, Queen Arrow wa Tekken, gemu ya ngumi na mateke, akawa mwanamke wa kwanza Mkenya kusajiliwa na timu ya kimataifa. Namtaja kwa sababu mdogo wangu alipomwona ndipo alipoomba pedi.

BabaBanda, Mwanza
Nimesoma yote, sasa niseme kweli. Nina banda miaka kumi na moja. Msichana akija nilikuwa namuuliza, umetumwa na nani? Sikuwahi kumuuliza mvulana hivyo. Niliona ni utani, wala sikufikiri kwa nini hawarudi.

Juzi nilichukua simu anayochezea binti yangu eFootball, nikakuta jina la kaka yake. Nikadhani wanachangia akaunti. Kumbe ni yake peke yake. Nilipomuuliza alisema, "Baba, nikiweka langu wananiomba namba." Ana miaka 13. Nimekaa nalo hilo siku tatu. Nimfutie gemu au nimwache? Nyinyi mliopitia, nishaurini.

BintiMbagala
Usimfutie, baba. Ukimfutia atacheza kwa kujificha kama mimi, na siku akiudhiwa hutajua. Jumamosi asubuhi ukiona inafaa nicheze naye mechi za marafiki, wewe ukiwa umekaa pembeni yake. Atumie jina analotaka mwenyewe.