Naomba ushauri: samaki wa pwani wanazidi kupungua, sisi wa mshipi tufanye nini?

Habari zenu wakuu. Navua kwa mshipi kwenye miamba ya pwani, na samaki ninaowapata siku hizi wanazidi kuwa wadogo, wengine hawajafikia hata umri wa kutaga. Nyavu za macho madogo zinakomba kila kitu karibu na ufuko. Membe nao, ambao walizoea kujitupa majini palipo na dagaa, sasa wanapita tu. Hilo linaniuma sana, kwa sababu ndege akikosa dagaa karibu hulazimika kuruka mbali, na makinda hubaki na njaa kiotani.

Utafiti uliotoka 2011 kuhusu aina 14 za ndege wa baharini ulionyesha kwamba vijisamaki wanaoliwa na ndege hao wakishuka chini ya theluthi ya kiwango chao cha juu, uzazi wa ndege huporomoka. Peru waliyaona haya 1972, anchoveta, vijisamaki wanaofanana na dagaa, walipoporomoka kwa uvuvi wa kupindukia pamoja na El Niño, yaani bahari kupata joto kuliko kawaida.

Sasa naomba mnisaidie. Samaki jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo nafikiria kuwarudisha majini wakubwa pamoja na wachanga. Je, aliyemeza ndoana hadi tumboni, nikate uzi au nijaribu kuichomoa? Na mliowahi kukaa na wenye nyavu mkakubaliana kufunga eneo msimu wa kutaga, mlianzaje mazungumzo?