Waandalizi wa "siku moja porini", acheni kutuuzia kilomita. Tupeni saa ya kugeuza!

Wandugu wa L'shi (Lubumbashi), kiangazi kimefika na tangazo ni lile lile kila Ijumaa: pikipiki nane, kibanda porini upande wa barabara ya Kasenga, nyama ya kuchoma, "kilomita 70 tu, tunarudi mapema". Dola zinakusanywa haraka kweli kweli. Jumapili usiku watu wanasukuma pikipiki gizani na simu ya mwandalizi haipatikani. Halafu tunaambiwa ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani hiyo inayokuja kila wiki?

Hizo kilomita 70 hazisemi kitu. Kilomita 45 za lami unazimaliza kwa saa moja. Ukishaacha lami, kilomita 25 za mchanga na udongo mwekundu zinaweza kula saa mbili au tatu, kwa sababu kundi linatembea kwa mwendo wa yule anayeendesha polepole kuliko wote. Tairi moja ikitoboka, hata mtu mwenye mkono mwepesi anahitaji nusu saa. Mwezi wa sita na wa saba jua letu linazama karibu na 18:00, na giza halipigi hodi. Sasa kundi linalotoka mjini 9:00 kwa kungoja wachelewaji, likafika 12:30, likala, likanywa, likaondoka kibandani 16:00, litakutwa na giza likiwa bado mchangani. Na taa ya pikipiki nyingi za cc 125 inategemea mzunguko wa injini: ukitambaa kwa gia ya kwanza, mwanga unafifia pale pale unapouhitaji.

Saa ya kugeuza, yaani saa ya kuanza kurudi, inapangwa mjini, si kibandani chupa zikiwa zimefunguliwa. Kutoka 6:30, kugeuza 13:00, mmefika au hamjafika. Mwandalizi asiyeweza kuwaambia wateja "tunageuza" hapa hapa, kibanda kikiwa kimebaki kilomita tano, asichukue pesa ya mtu.

Tuje kwenye pikipiki zenyewe, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mnakodisha pikipiki zilizoshinda wiki nzima kwenye taksi, mnazipiga maji Jumamosi jioni zing'ae, basi. Cheni imelegea hadi inagonga mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu. Kwenye pikipiki hizi za 125 na 150 mchezo wa cheni (kiasi inachopanda na kushuka ukiisukuma) ni kama sentimita 2.5 hadi 3, ukipima katikati, upande wa chini. Ikilegea zaidi inaruka meno kwenye mchanga; ikikazwa mno inakatika au inakula beringi pale tairi la nyuma linapopanda na kushuka. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni iliyochoka haivutiki sawasawa, na ukaze pale ilipobana zaidi. Tazama na klipu ya kiungo: upande wake uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume, kijiti kimoja cha kichaka kinaing'oa. Ni kazi ya dakika kumi na spana mbili, lakini haifanywi.

Upepo wa tairi ndiyo aibu kubwa. Kuna "viongozi" wanaofika kwenye mchanga na kupiga kelele "toeni upepo, toeni upepo!" bila kipimo mkononi. Kushusha ni sawa: ukiwa peke yako kwenye pikipiki, kama psi 18 hadi 20 zinatosha mchangani. Shusha mno na tairi litateleza juu ya rimu, litauvuta mpira wa ndani, na valvu itang'oka kwenye shina lake. Hapo kiraka hakisaidii, unahitaji mpira mpya. Ukikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, usitafute msumari: mpira umebanwa kati ya rimu na jiwe kwa sababu ya upepo mdogo. Na mkirudi kwenye lami upepo unarudishwa kabla ya kukimbia, kwa hiyo pampu ni lazima. Kuna tatizo jingine la kiangazi ambalo mgeni haambiwi: msitu ukishachomwa, visiki vidogo vilivyobaki kwenye majivu vimechongoka kabisa. Ukitoka kwenye njia ili kupita pembeni, umeyatafuta.

Vifaa vya kundi la pikipiki nane: mipira ya ndani miwili ya inchi 17 (au 18, kama mna pikipiki za 18), viraka na gundi ambayo haijakauka, vyuma vitatu vya kutolea tairi, pampu, kipimo cha upepo, spana ya nati ya ekseli, buji (plagi) mbili na spana yake, kebo ya klachi, kiungo cha cheni, koleo, waya, lita moja ya oili. Vyote vinaingia kwenye begi moja. Mwandalizi anayebeba spika kubwa kuliko begi hilo ameshajieleza.

Esansi (petroli). Kwa safari kama hii pikipiki inatumia lita tano au karibu na hapo, kwa sababu mchangani matumizi yanaweza kuongezeka hadi mara mbili. Tangi likijaa kunabaki akiba. Lakini mnatoa pikipiki yenye lita moja na nusu, eti "utaongeza kwa kadhafi", yaani kwa muuza esansi wa chupa kando ya barabara. Chupa ya kadhafi inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa na maji. Iweke kwenye chupa angavu, iache itulie dakika chache: maji yatakaa chini na utauona mstari. Kama yameshaingia na injini inakohoa, funga bomba la esansi, fungua skrubu ya chini ya kabureta, mwaga, funga, fungua bomba tena. Msipige kiki hadi mguu uvimbe.

Filta ya hewa ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Ikiwa kavu, vumbi letu jekundu linapita moja kwa moja hadi kwenye pistoni.

Kupakia mtu wa pili kwenye 125 mchangani ni kumwibia mteja. Gurudumu la nyuma linazama, la mbele linakuwa jepesi na linaelea, klachi inaungua. Harufu hiyo wote mnaijua! Asiyeendesha akodiwe nafasi kwenye gari la 4x4 au abaki nyumbani.

Kwenye njia panda sheria ni moja tu: unasimama hadi anayekufuata akuone umepinda wapi. Nyuma ya wote anakaa mtu anayejua kutengeneza, mwenye begi. Kumweka fundi mbele ili apigwe picha ni upuuzi. Pikipiki zinazoharibika ziko nyuma.

Na kibandani, asubuhi za mwezi wa saba zikiwa na baridi kali, kuna watu wanaingiza mbabula (jiko la makaa) ndani na kufunga mlango. Ile hewa ya makaa haina harufu. Mtu anaumwa kichwa, analala, haamki. Mbabula ibaki nje, hata kama makaa yanaonekana yamekufa.

Mwenye safari ya Jumapili hii aandike hapa chini kabla ya kukusanya hata franga moja: saa ya kutoka, saa ya kugeuza, nani anakaa nyuma, na picha ya begi likiwa limefunguliwa. Asiyeweza kujibu haya manne, tutalijaza tangazo lake maswali haya haya hadi alifute.