Fundi wa intaneti na muuza boosta, mmenila pesa mchana kweupe (Nakuru)

Wadau, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Niko Kiamunyi, nyumba ya kupanga, kuta za mawe ya inchi 9. Mwezi wa pili nilivutiwa intaneti ya waya. Fundi akaja, akatoboa ukuta ulio karibu na nguzo, akaisukuma ruta (kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi) nyuma ya televisheni, juu ya kabati la chuma, antena zimelazwa. Akapima kasi akiwa amesimama papo hapo, simu ikaonyesha Mbps 10, nikatia sahihi. Chumba cha kulala hakukanyaga. Nilipomwomba aiweke koridoni, katikati ya nyumba, akasema waya hautoshi. Na bunda zima lilikuwa begani mwake!

Chumba cha mwisho hakishiki kitu. Binti yangu yuko chuoni, na mtihani wake wa mtandaoni aliufanyia koridoni, amekalia ndoo iliyopinduliwa, laptopu magotini, mdogo wake akimruka kwenda chooni. Swali la nne ukurasa ukaganda. Mtoto alilia, jamani.

Nikapiga simu kwa kampuni. Jibu: nunua boosta, kile kifaa cha kurudia Wi-Fi ya ruta ifike mbali. Nikashuka mjini, nikamweleza muuzaji wa duka moja kwamba chumbani mtandao haufiki kabisa. Akanijibu, "Mzee, chomeka kwa soketi ya hicho chumba, basi." Shilingi 2,800. Nikachomeka. Mistari ya simu ikajaa, tukafurahi, tukafungua video, ikazunguka mpaka tukaizima.

Huyu mtu anauza hiki kitu kila siku! Boosta haina intaneti yake. Ni mpiga mbiu: anasikia, anarudia. Ukimweka mahali ambapo sauti haimfikii, atatangaza nini? Ile mistari iliyojaa ilikuwa ya simu na boosta tu. Boosta yenyewe haikuwa ikiisikia ruta. Inatakiwa ikae katikati ya safari, mahali ambapo mtandao bado una nguvu. Na hata hapo, hizi za bei ndogo hupokea na kurusha kwa zamu kwa redio moja, kwa hivyo kasi inaweza kushuka hadi nusu. Nilipoihamishia koridoni nilipata Mbps 4 chumbani. Dukani hakuna aliyenitajia hata neno moja la hayo.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa ndani ya nyumba yangu. Jirani kijana alikuja jioni, akaitoa ruta nyuma ya televisheni, akaipandisha juu ya rafu ya mbao, akasimamisha antena. Sebule na jikoni zikapona bila senti. Akasema ruta inarusha Wi-Fi kwa masafa mawili: GHz 5 ina kasi lakini huchoka haraka ikikutana na ukuta, kwa hivyo vyumba vya mbali tutumie GHz 2.4. Kisha akauliza kama nina ruta kuukuu. Ninayo, ya kampuni niliyoihama, ilikuwa inakula vumbi kwenye katoni. Akazima DHCP yake (kazi ya kugawia simu na laptopu anwani za mtandao, ibaki kwa ruta mpya peke yake), akaibadilishia anwani isigongane na ile mpya, tukanunua waya wa mtandao mita 20 kwa shilingi 800, tukaupitisha juu ya dari, akauchomeka kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba) la ruta kuukuu, si lile la WAN (la intaneti inayotoka nje). Chumba cha mwisho sasa kinasoma Mbps 9 na ushee. Waya wa aina hiyo unafika mita 100, kwa hivyo hata wenye nyumba ndefu msidanganywe. Ulizeni tu kama ni shaba tupu, maana kuna za alumini iliyopakwa shaba, na hizo ni hafifu.

Nimerudisha boosta dukani, wamekataa kwa sababu boksi limefunguliwa. Nitaijuaje bila kuifungua?

Ninyi mafundi mnaosoma hapa: kabla ya kumpa mtu karatasi atie sahihi, tembeeni na simu hadi chumba cha mwisho, mlango ukiwa umefungwa. Ni dakika tano. Na wenzangu wa Nakuru, kuna aliyewahi kurudishiwa pesa ya boosta? Mlipitia wapi? Risiti ninayo, na kesho nitakuwa dukani wakifungua.