Hivi yule muuza maua wa Chicago aliuliwa sababu ya bia au sababu ya ujanja wake?

Mpiga Drafti
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni kwetu Ngamiani barabara ya 12 tunapiga kahawa, stori zikaangukia kwa Al Capone, yule jambazi maarufu wa Chicago, mzee mmoja akatuambia kuna jamaa anaitwa Dean O'Banion alikuwa jambazi kamili wa bia za magendo halafu hapohapo ana duka la maua na anayafunga kwa mkono wake. Akauliwa humohumo dukani Novemba 1924. Kijiwe kikagawanyika, wengine wanasema ugomvi wa soko tu, mzee kashikilia aliponzwa na ujanja. Tumewekeana dau la kashata, mwenye kujua atiririke.

Baharia wa Sahare
Mzee kala kashata. Sikia, pombe Marekani ilipigwa marufuku Januari 1920, Johnny Torrio (bosi wake Capone wakati huo) akawagawia magenge mitaa, O'Banion kaskazini, yeye kusini, asiingiliane mtu, na kiwanda cha bia cha Sieben wakawa wanakimiliki pamoja. Siku moja O'Banion anamwambia mwenzie mimi nimechoka naacha hii kazi ninunue fungu langu, Torrio akatoa dola 500,000 bila kushtuka. Tarehe 19 Mei 1924 polisi hao kiwandani, wakawazoa wote. Kumbe mwuzaji alishajua wanakuja! Na yeye alikamatwa lakini kwake ni kosa la kwanza, Torrio alishawahi kuhukumiwa kwa pombe, la pili ni jela. Sasa mtu kakulia hela kisha kakufunga, utamwacha?

Binti Pangani
Kaka Baharia umeruka kipande. Kulikuwa na ndugu wa Genna, genge la Wasisilia lililokuwa upande wa Torrio, walikuwa wamegawa mitambo kwenye nyumba za Waitaliano wenzao, familia inapika pombe jikoni inalipwa, (hii mtu wa huku anayejua gongo inavyopikwa haelezwi) halafu wakawa wanaishusha bei rahisi kwenye mitaa ya O'Banion. Alilalamika kwa Torrio hakusikilizwa. Kwa hiyo soko nalo limo, nusu ya kashata ni ya hao wengine.

Na mbona hakuuliwa Mei? Kuna mkubwa wa Wasisilia, Mike Merlo, ndiye alikuwa anawazuia. Akafa kwa maradhi tarehe 8 Novemba. Tarehe 10 wakaja.

Mpiga Drafti
Sasa walimwingiaje, si mtu wa bastola yule?

Binti Pangani
Hapo ndo panauma. Maua ya msiba wa Merlo yalikuwa yanatengenezwa dukani kwake, wateja wanaingia wanatoka, wakaja watu watatu akadhani wamefuata oda. Akawatokea na mkasi mkono mmoja, mwingine akanyoosha kusalimia, aliyepokea hakuuachia tena, wenzie wakafyatua. Waja leo waondoka leo. Hakuna aliyetiwa hatiani mpaka kesho.

Baharia wa Sahare
Nakubali dada umenizidi. Baada ya hapo ndo ikawa balaa, Januari 1925 watu wa O'Banion wakampiga risasi Torrio nje ya nyumba yake, akapona ila akamwachia Capone kila kitu akasepa. Hymie Weiss aliyerithi kaskazini akaja kuuliwa Oktoba 1926 jirani na duka lilelile la maua, risasi zikatoboa hadi ukuta wa kanisa la mbele. Halafu 14 Februari 1929 watu 7 wakapangwa ukutani gereji wakamiminiwa risasi, waliyekuwa wanamtafuta, Bugs Moran, mkubwa wa kaskazini wakati huo, alichelewa kufika. Na maiti zote hizo Capone alikuja kufungwa kwa kukwepa kodi, miaka 11!

Mpiga Drafti
Kodi tena 😂 haya kashata nagawa nusu kwa nusu. Mzee hapa anauliza huyo Moran aliishia wapi?

Baharia wa Sahare
Alifia jela 1957, kesi ya wizi wa benki, saratani ya mapafu. Biashara ilishamfia zamani, pombe ziliruhusiwa tena Desemba 1933. Kashata yangu mpe dereva wa daladala ya Sahare nitaichukua stendi.